Watu na Lugha za Karagwe na Kyerwa

Wilaya za Karagwe na Kyerwa, zilizo magharibi mwa Mkoa wa Kagera katika mpaka wa Tanzania na Rwanda na Uganda, zilikuwa wilaya moja hadi mwaka 2012, na kabla ya ukoloni zilikuwa kiini cha ufalme wa Karagwe uliotawaliwa na ukoo wa Wahinda kutoka Bweranyange. Wafugaji wa ufalme huo waliitwa Wahima na wakulima Wairu, lakini tofauti hiyo ya kazi na hadhi haikuwa tofauti ya lugha, kwa kuwa wote walizungumza Kinyambo. Hii ni lugha ya kundi la Rutara, yaani jamii ya lugha za Kibantu zinazojumuisha pia Kihaya, Kizinza na Kinyankole, ambazo zimekaribiana kiasi kwamba msemaji wa moja huelewa sehemu kubwa ya nyingine bila kufundishwa.

Kiswahili nacho si mgeni wa juzi katika nchi hii. Mpelelezi Mwingereza John Hanning Speke alipofika kwa Mfalme Rumanyika wa Karagwe mwezi Novemba 1861, aliandika kwamba mwenyeji wake alimsalimu kwa Kiswahili kizuri, jambo linaloeleweka mtu akikumbuka kwamba wafanyabiashara Waarabu na Waswahili waliotoka Tabora kutafuta pembe za ndovu walikuwa wakipita huko na kuweka kituo Kafuro, karibu na makao ya mfalme. Kwa hiyo wanaodhani kwamba Kiswahili kililetwa Karagwe na serikali au shule wanasahau kwamba kilikwisha kuingia barazani kwa mfalme karibu miongo mitatu kabla Wajerumani hawajajenga boma lao Bukoba mwaka 1890.

Baada ya kifo cha Rumanyika ufalme ulidhoofishwa na ugomvi wa kurithi kiti, kisha sotoka, ugonjwa wa ng'ombe ulioenea Afrika Mashariki katika miaka ya 1890, ikafyeka mifugo. Malisho yaliyoachwa yakageuka vichaka, mbung'o wakaingia, na ardhi kubwa ikabaki na watu wachache. Uwazi huo ndio ulioandika upya ramani ya lugha. Katika karne ya 20 Wahaya waliobanwa na uhaba wa ardhi karibu na Ziwa Victoria walihamia huku wakapanda migomba na kahawa, Wakiga wakavuka kutoka milima ya Kigezi nchini Uganda, na kuanzia mwaka 1959 Wanyarwanda waliokimbia machafuko ya kwao wakafuata.

Mwaka 1967 una uzito wa pekee katika historia hii. Ndio mwaka ambao sensa ya Tanzania iliuliza kabila kwa mara ya mwisho, na ndio mwaka ambao Kiswahili kilifanywa lugha ya kufundishia katika shule zote za msingi za serikali. Uamuzi wa kuacha swali la kabila ulilenga umoja wa taifa, na ulikuwa na hekima yake, ila tangu hapo takwimu zinaonyesha idadi ya watu bila kuonyesha wanazungumza nini nyumbani.

Na idadi hiyo imepanda kwa kasi ya kushangaza. Karagwe ya mwaka 2002 ilikuwa na watu 425,476. Mwaka 2012, ikiwa imegawanywa, Karagwe ilihesabiwa watu 332,020 na Kyerwa 321,026, yaani ongezeko la zaidi ya nusu ndani ya miaka 10, wakati nchi nzima iliongezeka kwa takriban asilimia 30. Uzazi peke yake hauwezi kueleza pengo hilo, uhamiaji unahusika.

Lakini mpaka haukupitisha wahamiaji wa mashamba tu. Mwaka 1994 kambi za wakimbizi wa Rwanda zilifunguliwa Kagenyi, Rubwera na Murongo, zikafungwa wakimbizi waliporudishwa mwishoni mwa mwaka 1996. Na mwaka 2013 Operesheni Kimbunga, iliyolenga wahamiaji wasio na vibali, iliwagusa hata watu wenye asili ya Rwanda waliokwisha kuishi Kagera kwa miongo kadhaa. Mazingira ya namna hiyo humfanya mtu ajihadhari na lugha anayoitumia hadharani, na Kiswahili, ambacho hakimtambulishi mtu kwa asili yake, huwa kimbilio.

Kinyambo chenyewe kimepata watetezi wake. Mradi wa Lugha za Tanzania wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ulioanza mwaka 2001, ulichapisha msamiati na sarufi ya lugha hii, kazi za mwanaisimu Josephat Rugemalira, na mwaka 2009 ukatoa atlasi ya lugha za nchi nzima, ambayo ilibidi ikadirie idadi ya wasemaji ambao sensa haikuwa imewahesabu.