Sindano ya Ini na Muhula wa Siku 60

Mwaka 2025 ilitimia miaka 70 tangu daktari mpasuaji Morio Kasai, katika mji wa Sendai nchini Japani, afungue njia ya kuwatibu watoto wachanga ambao mirija yao ya nyongo imeziba. Kumbukumbu hiyo inastahili kuzungumzwa hata Msasani, mjini Tukuyu, kwa sababu upasuaji wake hauna faida kubwa bila utambuzi wa mapema, na utambuzi huo kwa zaidi ya nusu karne umeegemea bayopsi ya ini, yaani kuchota kwa sindano kipande chembamba cha ini ili kichunguzwe kwa hadubini.

Umanjano wa mtoto katika siku za kwanza hutokana na bilirubini, rangi inayobaki baada ya chembe nyekundu za damu kuvunjika, ambayo ini changa bado halijamudu kuiondoa, na kwa watoto wengi huisha ndani ya wiki mbili. Ukiendelea zaidi ya hapo, huku choo kikipauka na mkojo ukikolea, huenda ini limekwisha kuichakata bilirubini lakini nyongo haipati njia ya kufika kwenye utumbo. Ndipo huja swali gumu: je, ni atresia ya mirija ya nyongo, yaani mirija iliyoziba au kutoweka, ambayo huhitaji kisu, au ni homa ya ini ya watoto wachanga, ambayo haihitaji kisu hata kidogo? Kwa macho, magonjwa haya mawili hufanana mno.

Sindano yenyewe ni ya zamani kuliko swali hilo. Daktari Paul Ehrlich aliichoma kwenye ini la mgonjwa huko Ujerumani mwaka 1883, akitafuta sukari iliyohifadhiwa humo. Madaktari Iversen na Roholm wa Copenhagen waliifanya njia ya kuchunguza homa ya ini mwaka 1939. Na katika miaka ya 1940 ndugu wawili, Joseph na Theodore Gillman, waliitumia sana huko Johannesburg kwa watoto wenye utapiamlo. Mwaka 1958 Giorgio Menghini wa Italia alieleza sindano nyembamba inayovuta kwa bomba na kukaa ndani ya ini kwa takriban sekunde moja tu, na hapo hofu ya kuwachoma watoto wadogo ikapungua.

Lakini kilichoipa sindano hiyo uzito wake ni mzozo wa wapasuaji na matabibu. Inasimuliwa kwamba mwaka 1955 Kasai alifungua tumbo la mtoto, asione mrija wowote wa kuunganisha, na katika jitihada za kuzuia damu akaukandamiza utumbo kwenye lango la ini. Siku zilizofuata choo cha mtoto kikaanza kupata rangi. Kasai na mwenzake Suzuki walichapisha njia hiyo kwa Kijapani mwaka 1959, na kwa karibu muongo mzima madaktari wengi wa Magharibi hawakuisikia au hawakuiamini. Alipoichapisha kwa Kiingereza mwaka 1968, alikutana na sauti iliyovuta upande wa pili: mwaka huohuo matabibu M. Michael Thaler na Sydney Gellis wa Boston walidai kwamba watoto wenye homa ya ini waliopasuliwa kwa uchunguzi tu walidhurika, wakashauri kisu kisubiri hadi mwezi wa nne. Kila upande ulikuwa na hoja, ila katika mwezi wa nne ini la mtoto mwenye mirija iliyoziba huwa limejaa makovu, na matokeo ya Kasai yalikuwa mazuri zaidi kwa watoto waliopasuliwa kabla ya siku 60.

Bayopsi ndiyo iliyowapatanisha, kwa kuwa hutoa jibu bila kufungua tumbo. Mtoto hupewa kwanza vitamini K, maana nyongo inapokosekana vitamini hiyo haifyonzwi vizuri na damu huchelewa kuganda, kisha huchomwa sindano baada ya kutiwa ganzi. Mtaalamu wa patholojia akiona vijirija vya nyongo vimeongezeka, nyongo imeganda ndani yake na makovu yameanza, huelekea kwenye atresia. Akiona seli kubwa zenye viini vingi, huelekea kwenye homa ya ini. Kipande kikichukuliwa mapema mno, alama hizo huwa hazijajitokeza, kwa hiyo nafasi kati ya mapema mno na kuchelewa ni finyu.

Afrika Mashariki haikuwa mgeni katika kazi hii. Katika miaka ya 1960, chini ya Profesa Michael Hutt, idara ya patholojia ya Makerere ilipokea kwa posta vipande vya nyama kutoka hospitali za mbali za Uganda na kurudisha majibu bila malipo, yaani kilichosafiri kilikuwa chupa wala si mgonjwa. Ni fahari ambayo kanda yetu imeiacha ififie.

Leo anayesafiri ni mgonjwa: mtoto wa Msasani huanzia Hospitali ya Wilaya ya Rungwe iliyoko Makandana, hupelekwa Mbeya, umbali wa kilomita 70 hivi, na pengine Muhimbili, zaidi ya kilomita 800. Kabla ya safari hiyo huwapo ushauri wa kumwotesha jua la asubuhi, jua ambalo katika mvua na mawingu ya Rungwe husubiriwa kwa siku nyingi. Jua lina heshima yake, kwa kuwa mwaka 1956 muuguzi Jean Ward wa Uingereza alibaini kwamba ngozi ya mtoto iliyoangazwa hupungua umanjano, na tiba ya mwanga ikazaliwa; lakini mwanga hauzibui mrija, na kila wiki ya kusubiri hukatwa kutoka kwenye zile siku 60.

Siku hizi vipo vipimo vya mawimbi ya sauti (ultrasaundi) na kipimo cha damu cha protini ya MMP-7, ambavyo huenda siku moja vikaipunguzia sindano kazi. Hata hivyo, Taiwani ilipiga hatua kubwa kwa kadi ya rangi za choo, iliyosambazwa nchi nzima mwaka 2004. Chanjo ya wiki ya sita humleta mtoto kliniki akiwa na siku 42, bado zikiwa zimesalia 18, na muuguzi akimuuliza mama rangi ya choo siku hiyo, rufaa ya kwenda kwenye sindano itakuwa na maana. Asipouliza, hata sindano bora kabisa itakuwa imechelewa.