Usalama katika akwariamu ya maji chumvi

Akwariamu ya maji chumvi ni tangi, kwa kawaida la kioo, ambamo hufugwa samaki, matumbawe na viumbe wengine wa bahari. Usalama katika kazi hii unamhusu fundi anayelitengeneza tangi, mtu anayelisafisha na kubadilisha maji yake, na pia watoto na wageni wa nyumba lilipo. Hatari kuu ni mshtuko wa umeme, sumu za viumbe wenyewe, bakteria wanaoingia kwenye vidonda, kemikali za usafi, na uzito wa maji. Kwa kuwa tangi huonekana kama pambo la sebuleni, watu wengi hutumbukiza mkono ndani yake bila kufikiri, jambo ambalo wasingelifanya mbele ya mwamba wenyewe baharini.

Mazingira ya Dar es Salaam

Katika jiji la Dar es Salaam vifaa vya kutengenezea tangi hupatikana kwa urahisi Kariakoo na katika kata jirani ya Gerezani, wilayani Ilala: nyaya, soketi, pampu, silikoni, ndoo, mabomba ya plastiki. Gerezani inajulikana kwa mafundi wa kuchomelea vyuma, na meza ya chuma ya kubebea tangi inaweza kutengenezwa hapo kwa kipimo cha mteja.

Maji ya bahari nayo hayako mbali, lakini si kila mahali yanafaa. Mkondo wa Gerezani, ulio upande wa bandari, na mdomo wa mto Msimbazi hupokea maji machafu ya mji. Maji ya sehemu hizo yanaweza kubeba vimelea vya magonjwa ya tumbo, pamoja na Vibrio cholerae, bakteria wa kipindupindu, ambao huishi vizuri penye maji ya chumvi kidogo. Mlipuko mkubwa wa kipindupindu ulioanza Dar es Salaam mwezi Agosti 2015 ulienea baadaye katika mikoa mingi ya Tanzania. Kwa hiyo ile tabia ya kuvuta maji kwa mdomo ili yaanze kutiririka katika mpira haifai hata kidogo. Mpira hujazwa maji kwanza ukiwa ndani ya tangi, mwisho wake mmoja huzibwa kwa kidole, kisha hushushwa kwenye ndoo iliyo chini na kuachiliwa.

Umeme

Hii ndiyo hatari inayoua haraka kuliko nyingine zote. Umeme wa majumbani Tanzania ni wa volti 230, na maji ya bahari hupitisha umeme vizuri takriban mara mia moja kuliko maji ya kawaida ya bomba. Pampu yenye ufa mdogo inaweza kuendelea kufanya kazi kwa wiki nyingi bila dalili yoyote, huku samaki wakiogelea kama kawaida, kwa sababu umeme hauna njia ya kwenda ardhini. Mtu akisimama peku kwenye sakafu ya saruji yenye unyevu na kuingiza mkono, yeye ndiye anakuwa njia.

Kinga ya kwanza ni kuchomoa plagi zote kabla ya kuingiza mkono. Kuzima swichi peke yake hakutoshi ikiwa nyaya za nyumba zimeunganishwa vibaya, kwa maana swichi inaweza kukata waya usio na moto na kuuacha wenye moto. Kinga ya pili ni swichi maalumu inayokata umeme inapogundua kwamba sehemu ya umeme inavuja, hata miliampia 30 tu. Sakiti breka ya kawaida haifanyi kazi hiyo: imewekwa kulinda nyaya zisiungue, na kiasi cha umeme kinachotosha kumuua mtu hakiigusi. Wauzaji wa vifaa vya umeme wanazo za aina zote mbili na kwa macho zinafanana, kwa hiyo mnunuzi asome maandishi ya miliampia yaliyo usoni mwake. Kinga ya tatu ni waya wa ardhini uliofungwa na fundi umeme. Kifaa chenye plagi ya miguu miwili kilichoshindiliwa kwenye soketi kwa msaada wa bisibisi au kijiti hakina kinga hiyo.

Chumvi ina tabia ya kutambaa. Matone yanayorushwa na viputo hukauka kwenye waya na kuacha ukoko mweupe, ukoko huvuta unyevu, na baada ya muda hufika kwenye plagi. Soketi ikipata ukoko huo huweza kuungua. Kwa sababu hiyo ekstensheni haiwekwi sakafuni chini ya tangi bali hufungwa ukutani, pembeni. Kila waya huachwa uning'inie chini ya soketi kwanza kisha upande, ili tone linalotiririka juu yake lidondoke kwenye kona hiyo ya chini lisifike kwenye plagi.

Vitabu vingi kuhusu akwariamu vimeandikwa kwa ajili ya nchi za baridi na husisitiza hita. Dar es Salaam tatizo ni kinyume: kati ya Desemba na Machi maji ya tangi hupata joto kupita kiasi, na wafugaji huelekeza feni juu ya maji ili yapoe. Feni ya mezani iliyosimamishwa kwenye ukingo wa kioo ni ajali inayosubiri kutokea. Feni ifungwe ukutani au kwenye fremu, mahali ambapo hata ikianguka haitafika majini.

Umeme unapokatika, kuna hatari mbili zaidi. Ya kwanza ni kudhani kwamba sasa ni salama kufanya usafi. Umeme hurudi bila taarifa, na mkono ukiwa bado ndani. Ya pili ni jenereta. Samaki na matumbawe huanza kukosa oksijeni baada ya saa chache, na mwenye tangi hushawishika kuiwasha jenereta barazani au ndani ya korido. Moshi wake una kaboni monoksidi, gesi isiyo na harufu inayoua watu wakiwa usingizini. Pampu ndogo ya hewa inayotumia betri hugharimu kidogo kuliko mafuta ya usiku mmoja, na inatosha kuwaweka samaki hai.

Mtu akinaswa na umeme asiguswe. Kwanza izimwe swichi kuu, kisha aangaliwe kama anapumua; asipopumua, kifua chake kigandamizwe huku msaada ukiitwa. Simu ya dharura nchini Tanzania ni 112, na ya Zimamoto ni 114.

Viumbe wenye sumu

Samaki wa jenasi Pterois, wenye mapezi marefu ya milia, hupendwa sana katika matangi na huishi kwenye miamba ya pwani yote ya Afrika Mashariki. Miiba ya mgongo wao ina sumu yenye maumivu makali. Ndugu yake Synanceia verrucosa, anayefanana na jiwe, ni hatari zaidi. Tasi, wanaoliwa kila siku na watu wa pwani, nao wana miiba yenye sumu, na wavuvi wamezoea kuwashika kwa uangalifu. Kangaja hawana miiba ya sumu mgongoni lakini wana kisu kikali kila upande wa shina la mkia. Mkunga huuma, na meno yake huacha kidonda kinachooza upesi.

Sumu ya miiba ya samaki huharibiwa na joto. Huduma ya kwanza ni kutoa vipande vya mwiba vinavyoonekana, kisha kuzamisha sehemu iliyochomwa katika maji ya moto ya takriban nyuzi 45 za selsiasi kwa muda wa dakika 30 hadi 90. Moto wa maji upimwe kwa mkono mwingine usiochomwa, ama na mtu mwingine, kwa sababu mkono wenye sumu hauhisi vizuri na watu wamewahi kujiunguza hivyo. Kufunga kamba, kuchanja kwa wembe na kunyonya kidonda havisaidii. Baada ya hapo mgonjwa aende hospitali, hasa akiwa anapumua kwa shida au amechomwa na samaki jiwe.

Konokono wa jenasi Conus hawafai kushikwa kabisa, ingawa magamba yao ni mazuri. Hurusha jino kama mshale, na jino la Conus geographus limeua watu. Dawa ya kupinga sumu yake haipo. Mgonjwa husaidiwa kupumua mpaka sumu iishe mwilini.

Hatari isiyojulikana sana ni ya viumbe wanaofanana na vifungo vya rangi, wa jenasi Palythoa, ambao hukua juu ya mawe ya matumbawe. Baadhi yao wana palitoksini, mojawapo ya sumu kali zaidi zinazojulikana. Ilitengwa kwa mara ya kwanza mwaka 1971 kutoka kwa Palythoa toxica wa Hawaii. Sumu hiyo hupatikana pia katika baadhi ya samaki: mwaka 1994 huko Madagaska mtu alikufa baada ya kula samaki mdogo anayefanana na dagaa wa bahari, na uchunguzi ukaonyesha palitoksini.

Katika ufugaji, watu hudhurika pale wanapotaka kuliondoa kundi la Palythoa kwenye jiwe kwa kulichemsha jikoni, kulimwagia maji ya moto au kulisugua kwa brashi. Mvuke na matone hubeba sumu mpaka mapafuni na machoni. Dalili ni ladha chungu au ya chuma mdomoni, kikohozi, homa, kubanwa kifua, maumivu ya misuli na udhaifu, na nyumba nzima huweza kuugua kwa pamoja, kiasi cha kudhaniwa kuwa ni mafua. Jiwe lisichemshwe kamwe. Anayelazimika kukata avae glavu na miwani, afanye kazi hiyo ndani ya maji, na asiwe na kidonda mkononi.

Vidonda na bakteria

Mwaka 1926 mtafiti Joseph Aronson alitambua bakteria mpya katika samaki wa bahari waliokufa kwenye akwariamu ya Philadelphia, Marekani. Leo anaitwa Mycobacterium marinum, na ni ndugu wa yule wa kifua kikuu. Hukua vizuri kwenye joto la nyuzi 30 hivi, kwa hiyo hubaki kwenye vidole na mikono, ambako mwili una joto pungufu. Wiki mbili hadi nne baada ya mchubuko, wakati mwingine zaidi, hutokea uvimbe mwekundu usiopona, na pengine vingine hufuatana kupanda mkono. Dawa za kawaida za vidonda haziuponyi. Tiba sahihi huchukua miezi. Mgonjwa amwambie daktari wazi kwamba anafuga samaki, maana bila habari hiyo ugonjwa huu haufikiriwi. Kipimo cha ngozi cha kifua kikuu kinaweza kuonyesha ndiyo kwa sababu ya bakteria huyu pia.

Vibrio vulnificus ana kasi tofauti kabisa. Huingia kupitia kidonda kilicholowa maji ya bahari yenye joto na huweza kuleta hali ya kufisha ndani ya siku moja au mbili. Wenye ugonjwa wa ini, kisukari au kinga dhaifu wasiingize mkono wenye jeraha hata kidogo. Uvimbe unaoenea kwa saa, malengelenge na homa ni dharura ya hospitali.

Kemikali

Pampu zenye ukoko huoshwa kwa siki, na ndoo huoshwa kwa jiki. Viwili hivyo vikichanganyika hutoa gesi ya klorini, kwa hiyo visitumike siku moja katika beseni moja. Chokaa inayoongezwa kwa ajili ya matumbawe huunguza macho; jicho lisafishwe kwa maji mengi matamu kwa dakika 20 au zaidi kabla ya kwenda kwa daktari. Formalini, inayotumika dhidi ya vimelea vya samaki, ilitambuliwa mwaka 2004 na shirika la kimataifa la utafiti wa saratani kuwa inasababisha saratani. Mfugaji wa nyumbani ana sababu chache za kuwa nayo.

Uzito na kioo

Tangi la sentimita 100 kwa 50 kwa 50 huchukua lita 250, na maji yake ya bahari peke yake yana uzito wa kilo 256 hivi, bila mawe, mchanga wala kioo. Dumu la lita 20 ni kilo 20 na nusu. Katika maghorofa ya Kariakoo yenye ngazi nyembamba, migongo huumia zaidi siku ya kubadilisha maji kuliko siku nyingine yoyote. Madumu ya lita 10 yanafaa zaidi. Tangi lisihamishwe likiwa na maji, hata robo. Kioo kilichokatwa kipigwe msasa kingo zote kabla ya kupakwa silikoni, na silikoni ipakwe penye hewa.

Sheria

Mahali ambapo watu wameajiriwa, kama duka la samaki au hoteli yenye tangi kubwa, Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya Tanzania Na. 5 ya mwaka 2003 humtaka mwajiri kutoa vifaa vya kujikinga bila kumtoza mfanyakazi. Fidia kwa aliyeumia kazini inasimamiwa na Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi (WCF). Kukusanya viumbe katika maeneo tengefu ya bahari, kama vile Mbudya na Bongoyo, kumekatazwa, na biashara ya kimataifa ya matumbawe magumu na farasi-bahari huhitaji kibali chini ya mkataba wa CITES.