Vichwa vingi, fundisho moja: sanamu za Bwami na sanamu za Wahindu

Sisi tunaofundisha historia huku Alunguli tunaulizwa maulizo mengi. Siku ya somo la dini za India, tukionyesha picha ya hekalu, hakosi mwanafunzi wa kuuliza: «Mwalimu, huyu iko na mikono ine, na ule iko na kichwa ya tembo. Miungu yao ni ngapi?» Darasa linacheka. Nasi tunajibu kwa ulizo lingine: na Sakimatwematwe wa Warega, vichwa vyake ni vingapi?

Tuanze na Wahindu. Vishnu, mmoja wa miungu yao wakubwa, anajulikana kwa kushuka duniani mara kumi: kama samaki, kama kobe, kama nguruwe pori, kisha kama Rama na kama Krishna. Anayemwabudu hahesabu miungu kumi. Anahesabu safari kumi za mmoja. Ndani ya hekalu kila sura ina alama zake: ukiona kombe la bahari na gurudumu mikononi, unajua ni Vishnu. Tena sanamu ikitoka kwa fundi ni jiwe tu, mpaka makuhani waifanyie ibada ya kuitia pumzi.

Sasa turudi kwetu. Ukishika njia ya Kalima mpaka Pangi, unaingia inchi ya Warega. Huko hapakuwa hekalu la namna hiyo. Palikuwa Bwami, chama chenye ngazi, na ya juu kabisa ni Kindi. Mwanaume hakufika huko juu bila mke wake kupandishwa naye. Watu wa Kindi walitunza maginga, sanamu ndogo za pembe ya tembo. Wale wa Yananio walikuwa na lukwakongo, kinyago kidogo cha mti. Havikuwa miungu ya kuabudiwa. Vilitolewa siku ya mafundisho, pamoja na ngoma, wimbo na mezali.

Sakimatwematwe ni mwenye vichwa vingi. Mezali yake inataja tembo aliyeonekana ngambo ya mto mkubwa. Sisi wa Alunguli, tunaotazama Kasuku ngambo ya Lualaba kila asubuhi, tunaifahamu upesi: mtu mzima anapaswa kuona pande zote mbele ya kukata neno. Kuna pia Wayinda, mwanamke mwenye mimba, anayeonya juu ya uzinzi.

Hapa ndipo tofauti ilipo. Hekaluni, alama inakuambia jina. Kwa Bwami, umbo peke yake halikuambii yote. Sanamu mbili zinazofanana zinaweza kubeba mezali mbili, na mezali moja inaweza kukaa ndani ya sanamu zisizofanana. Mwenye ufunguo ni mzee anayefundisha.

Serikali ya Wabelgiji haikulifahamu hilo. Mwaka 1948 ilikataza Bwami. Wakati wa ukoloni na baadaye, vitu vingi viliuzwa ao kuchukuliwa. Leo vingine viko Tervuren kule Ubelgiji, vingine Los Angeles. Bahati nzuri, mtaalamu Daniel Biebuyck alikaa na Warega miaka ya 1950 akaandika mezali nyingi, na kitabu chake kikatoka mwaka 1973. Lakini ni wangapi huku kwetu wamekisoma? Tunachosikia zaidi ni: «Vile vitu ni vya shetani, vichomwe!»

Hekalu likipoteza sanamu, makuhani wanaweza kuweka ingine na kuifanyia ibada ile ile. Lakini mzee wa Bwami akifa na mezali zake, iginga linabaki pembe tu, hata likiwekwa ndani ya kioo kule Ulaya. Juu ya hiyo tunawaomba vijana: mkienda Pangi ao Kalima kwa babu na bibi, bebeni daftari na kalamu. Msiulize kwanza, «Iko wapi sanamu?» Ulizeni, «Inasema nini?»