Kipimo Mkononi mwa Mwanafunzi: Funzo la Mpemba kwa Shule za Msingi za Mtunda

Matumizi ya vihisi vya mkononi katika kufundishia sayansi shule za msingi huonekana kuwa jambo jipya. Hata hivyo, historia ya elimu nchini Tanzania inaonesha kuwa kiini chake ni cha zamani. Mwaka 1963, Erasto Mpemba, mwanafunzi wa sekondari ya Magamba, Lushoto, aliona mchanganyiko wake wa aiskrimu uliowekwa ukiwa moto ukiganda kabla ya ule wa mwenzake ambao haukuchemshwa. Mwalimu alimwambia amechanganyikiwa. Baadaye, akiwa Mkwawa, Iringa, alimuuliza Denis Osborne, mhadhiri wa fizikia kutoka Dar es Salaam. Osborne alilipima swali hilo badala ya kulipuuza, na mwaka 1969 walichapisha makala kwa pamoja.

Mwaka 2016, watafiti wa Uingereza walilitilia shaka tokeo hilo, wakionesha kuwa kusogeza kipimajoto takriban sentimita 1 tu kunaweza kubadili matokeo.

Kwa Mtunda, wilayani Kibiti, hoja hii ina uzito wa pekee. Katika delta ya Rufiji iliyo jirani, maji ya bahari yanapojaa, maji ya chumvi, kwa kuwa ni mazito, huweza kupenya chini ya maji baridi ya mto. Mwanafunzi akitumbukiza kihisi cha chumvi juujuu atapata jibu moja. Akikifikisha chini, jingine. Kwa hiyo, kifaa pekee hakitoshi. Mwanafunzi afundishwe kuuliza kimepima nini na wapi, na mwalimu asilipuuze swali lake.