Taa, indiketa na geji za pikipiki za zamani: kwanza jua ni volti 6 au 12

Leo tuongelee vyombo vya wazee. Namaanisha zile Honda CG125, Suzuki A100, na Honda 50 ambayo mwenye nayo haiuzi hata umpe nini. Injini zake si mchezo, zinapanda kilima na gunia la kahawa mgongoni. Shida ni umeme. Na barabara yetu mnaijua: ukitoka Vwawa kuja Tunduma usiku, malori yanayokwenda Zambia na Kongo yako mbele na nyuma yako, halafu ukungu ushuke... Kama taa yako ya nyuma imekufa, dereva wa lori anakuona akiwa ameshakufikia.

Kitu ambacho mafundi vijana wengi wanakiruka ni hiki: nyingi ya mashine hizo ni VOLTI 6. CG125 ilianza kutengenezwa 1976 ikiwa ya volti 6, za 12 zikaja baadaye. Boxer, TVS na za Kichina zilizojaa mjini ni za 12, na spea za madukani ndizo hizo hizo. Sasa mtu ananunua balbu ya Boxer, anaifunga kwenye Honda ya baba yake, inawaka kama kaa la sigara, anaanza kukata waya. Jamani, waya hauna kosa! Ukifanya kinyume, balbu ya 6 kwenye mashine ya 12, inaungua hapo hapo.

Kujua ni rahisi. Hesabu vifuniko vya kuwekea maji kwenye betri. Vitatu ni volti 6, sita ni 12, maana kila chumba kinatoa volti 2 na kidogo. Ila betri yenyewe huenda ilishabadilishwa na mtu, kwa hiyo soma na maandishi kwenye kitako cha balbu za zamani. Ukikuta betri ya 12 kwenye mashine ya 6, hiyo haitajaa chaji hata uendeshe mpaka Dar.

Taa ya mbele kwenye nyingi ya hizi haitegemei betri. Umeme unatoka moja kwa moja kwenye koili ya magneto, ndiyo maana ukisimama inafifia, ukivuta mafuta inang'aa. Na hapa ndipo wengi wanadhani wamerogwa. Pale ambapo hakuna kifaa cha kudhibiti umeme, balbu zenyewe ndizo zinazougawana. Ya mbele ikiungua, mgao wake unahamia kwa wenzake, na ukivuta mafuta kidogo tu ya nyuma nayo inakwenda, pamoja na kale kabalbu ka ndani ya spidomita. Umebaki gizani kabisa. Kwa hiyo tembea na balbu za akiba, za mbele na za nyuma, na usifunge ya mbele yenye wati ndogo kuliko ya kiwandani ukidhani unabana matumizi. Utakuwa unaiua ya nyuma.

Indiketa ni habari nyingine, zenyewe zinakula betri. Flasha ya zamani ina bati jembamba ndani: linapata moto, linapinda, umeme unakatika, linapoa, unarudi. Ili lipate moto lazima balbu zivute umeme wa kutosha. Balbu ya volti 6 wati 18 inavuta ampea 3, ya volti 12 wati 10 haifiki hata 1. Ndiyo maana balbu moja ikiungua, au ukiweka za LED, indiketa inawaka tu bila kupepesa. Ukitaka LED, nunua na flasha ya elektroniki ya volti zako. Kabla ya yote hayo, kwangua kutu pale waya wa bodi unapofungwa. Mara nyingi ugonjwa uko hapo.

Spidomita haihitaji umeme hata kidogo. Kebo kutoka tairi la mbele inazungusha sumaku ndani ya kikombe cha aluminiamu, kikombe kinavutwa pamoja na mshale. Mjerumani Otto Schulze aliisajili mwaka 1902. Mshale ukicheza cheza, kebo imekauka au imepinda. Ukilala kabisa, fungua kebo chini ya saa, zungusha tairi: waya wa ndani ukizunguka, saa ndiyo imekufa. Grisi paka kidogo, na sehemu ya juu iache kavu, isije ikapanda ndani ya saa. Angalia pia kama ni ya maili, zipo zilizotoka Uingereza: 40 yake ni kama kilomita 64.

Geji ya mafuta nyingi hazina. Kuna koki yenye rizevu, na ukishajaza tangi irudishe ON, la sivyo siku yakiisha huna akiba.

Taa usiku ni lazima kwa Sheria ya Usalama Barabarani ya 1973. Indiketa zikifa mchana, tumia mkono. Wa kushoto hausumbui, wa kulia unaachia mafuta. Gizani mkono hauonekani, kwa hiyo zikifia Mlowo jioni, lala Mlowo.