KUTOKA JIWE LA UBUYU HADI BLENDA
Historia ya juisi, matunda na mboga katika Karatu na Ngorongoro

Kamati imeniomba mimi kama Mwenyekiti niandike historia. Mahesabu ya hisa na mikopo ameyaandika Mweka Hazina kwenye kurasa zake, kwa hiyo sitayarudia. Mimi nimechagua kuandika juu ya kitu ambacho kila mama hapa anakijua, nacho ni juisi, pamoja na matunda na mboga zinazoitengeneza. Msicheke. Kwenye glasi moja ya juisi mtu anaweza kuona nani alilima, nani alikula, na nani alibaki kando ya barabara anaangalia gari la mboga likipita.

Juisi ya kwanza

Watu wengi wanafikiri juisi ililetwa huku na mahoteli. Sio kweli. Kule bonde la Ziwa Eyasi, upande wa Mang'ola, ndugu zetu Wahadzabe tangu enzi za mababu wanapasua buyu, wanatwanga kwa jiwe, wanachanganya unga wake na maji halafu wanakunywa. Basi hiyo ndiyo juisi ya zamani kuliko zote wilayani kwetu. Haikuhitaji umeme, wala sukari, wala hela.

Wamasai wa Ngorongoro wao wana maziwa, na supu inayochemshwa na magome ya olkiloriti. Wairaqw waliohamia huku kutoka Mbulu, na kuongezeka sana katika karne ya 20, walikuja na ng'ombe, mahindi, mtama na maharage. Kwa wazee wetu wengi tunda lilikuwa kitu cha mtoto anayechunga, analichuma porini anakula hukohuko. Kuliweka mezani kama chakula hakukuwa desturi.

Mboga za kizungu

Miaka ya 1920 na 1930 walowezi wa Kijerumani walifungua mashamba ya kahawa Oldeani na kwenye miinuko ya Karatu. Shamba mojawapo, ambalo leo tunaliita Gibb's Farm, lilianzishwa mwaka 1929. Vita Kuu ya Pili ilipokuja, Waingereza waliwanyang'anya Wajerumani mashamba yao, na mwaka 1948 shamba lile likachukuliwa na James Gibb. Mwaka 1972 yeye na mkewe Margaret walianza kulaza wageni, na bustani ya mboga ya pale inajulikana mpaka leo.

Karoti, kabichi, letusi na bitiruti watu waliziita mboga za kizungu. Jina hilo lina maana yake. Mwafrika alishika jembe, akapalilia, akavuna, lakini aliona kwamba mwenye kula ni mwingine. Tulirithi kazi ya kulima bila kurithi tabia ya kula. Naomba tulikumbuke jambo hili maana ndilo linaloendesha historia yote inayofuata.

Mwezi wa Februari 1977 mpaka wetu na Kenya ulifungwa, na watalii waliozoea kupitia Nairobi wakapungua sana. Ulikaa hivyo mpaka mwaka 1983. Na miaka hiyohiyo ya mwanzo wa 1980 vitu viliadimika nchi nzima. Sukari ilikuwa ya foleni, sabuni ya foleni. Nani angefikiria kutengeneza juisi? Biashara ilipofunguliwa katikati ya miaka ya 1980, vitu vikarudi dukani, na hapo soda ikawa ndiyo heshima. Mgeni akifika mtoto anatumwa dukani mbio. Nyuma ya nyumba pana mipapai na mipasheni imezaa, lakini mgeni anafunguliwa soda, na papai wanakula ndege.

Barabara ya lami na lumbesa

Mwanzoni mwa miaka ya 2000 ilijengwa barabara ya lami kutoka Makuyuni kupitia Mto wa Mbu na Karatu mpaka lango la Ngorongoro, kwa msaada wa Japani. Barabara ile ilitusaidia sana, hakuna ubishi. Mgonjwa anafika hospitali, mzigo unafika Arusha siku hiyohiyo. Mahoteli yakaongezeka, na vijana wetu wengi wakapata kazi.

Lakini barabara hupeleka na huondoa. Kitunguu cha Mang'ola, kinachomwagiliwa kwa maji ya chemchemi, kikapakiwa kwenye maloli kwenda Arusha na hadi Kenya. Na kilipakiwa kwa lumbesa, lile gunia lililoshonewa kilemba juu. Mkulima analipwa gunia moja, mchuuzi anaondoka na gunia na zaidi. Serikali imekataza lumbesa, na sisi akina mama tusichoke kuikataa, kwa sababu kile kilemba ni ada ya shule ya mtoto.

Wenzetu wa juu

Hapa naomba tupande kidogo mpaka Ngorongoro, maana kikundi hiki kina marafiki kule, na bei ya soko letu inawagusa.

Hifadhi ya Ngorongoro ilitengwa na Serengeti mwaka 1959, na wafugaji wakaruhusiwa kuishi humo pamoja na wanyama. Mwaka 1975 sheria ilikataza kulima ndani ya Hifadhi. Mwaka 1992 Waziri Mkuu wa wakati ule, Mheshimiwa John Malecela, aliruhusu watu walime vibustani kwa ajili ya chakula. Mwaka 2009 katazo likarudi. Tangu mwaka 2022 kaya nyingi zimehamia Msomera, Wilaya ya Handeni, na nyingine zipo bado juu. Ubishi wa mambo hayo una mahali pake, na kijitabu hiki sio mahali pake. Ninachosema ni cha jikoni. Mama wa Endulen au Nainokanoka akitaka kabichi moja, hana pa kuipanda. Lazima inunuliwe, na mara nyingi inatoka huku chini kwetu. Bei ambayo sisi tunailalamikia sokoni Karatu, kwake yeye ndiyo bei ya kuanzia, bado nauli.

Na sisi nasi tunamtegemea yeye na msitu wake. Maji ya chemchemi zetu, pamoja na yale yanayolima vitunguu vya Mang'ola, chanzo chake ni msitu wa milima ya Ngorongoro. Msitu ukiisha, hakuna kitunguu wala karoti.

Blenda inaingia kikundini

Mashine hizi sio za jana. Huko Marekani, Stephen Poplawski alitengeneza mashine ya kuchanganyia vinywaji mwaka 1922, ndiyo babu wa blenda tunazoziona. Mashine ya kukamua juisi ya mboga kama karoti ilivuma huko miaka ya 1930 kwa juhudi za Norman Walker. Kwetu zilichelewa kwa sababu moja tu, umeme. Wakala wa Nishati Vijijini, REA, ulipoanza kazi mwaka 2007, na baadaye gharama ya kuunganishiwa kijijini iliposhushwa mpaka shilingi 27,000, ndipo waya ukaanza kufika kwenye nyumba za watu wa kawaida.

Kikundi chetu kilianza mwaka 2015, na mtakumbuka mwaka ule ulivyokuwa. Mwezi wa Agosti kipindupindu kilianza Dar es Salaam kikasambaa mikoa mingi. Miji mingine ilipiga marufuku juisi na matunda yaliyokatwa ya barabarani. Akina mama wengi wakaona heri juisi ya nyumbani, ambayo mtu anajua maji yamechemshwa na nani.

Hapo ndipo mwanachama mmoja alipoomba mkopo wa kununua mashine. Wazee wa kikao mnakumbuka kelele za siku ile! Wengine walisema hiyo ni anasa, kikundi hakikopeshi starehe, akope anunue kuku. Mama mmoja mtulivu akauliza swali moja tu: "Mashine atanunua mara moja, je, matunda atanunua kila siku kwa hela ya nani?" Watu wakanyamaza. Mkopo ulitolewa, lakini kwa sharti kwamba kwanza tukae tupige hesabu ya matunda. Ninavyoona mimi, swali lile limetufaa kuliko mashine yenyewe.

Hesabu tuliyoipata ni hii. Blenda inasaga tunda zima, unaongeza maji, unachuja au unakunywa hivyohivyo. Inafaa kwa embe, papai, parachichi, pasheni na magogwe, na tunda kidogo linatosha watu wengi. Mashine ya kukamua inatenga maji na makapi, inafaa kwa karoti na bitiruti, ila inakula mzigo. Kilo moja ya karoti hutoa kama nusu lita tu. Kwa hiyo mwenye mashine ya kukamua akinunua karoti kwa fungu la rejareja, amekwisha. Makapi yasitupwe, yapewe kuku, au yachanganywe kwenye unga wa chapati. Na mashine ioshwe saa hiyohiyo, kabla uchafu haujakauka, kwani chombo kichafu kinaleta ugonjwa uleule tuliokuwa tunaukimbia.

Mwaka 2019 na mwaka 2020

Tarehe 1 Juni 2019 mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku nchi nzima. Mama aliyezoea kufunga juisi kwenye kimfuko ilibidi atafute chupa na vikombe vya kurudishwa, na mtaji mdogo ukayumba. Kabla hajasimama vizuri, mwaka 2020 likaja janga la korona. Ndege zikasimama, watalii wakakatika, mahoteli mengi ya Karatu yakafunga milango, na vijana wakarudi nyumbani bila mshahara.

Ikaonekana ajabu moja. Tangawizi na malimao vilipanda bei kwa sababu kila mtu alikuwa anachemsha na kunywa. Wakati huohuo karoti na letusi zilizolimwa kwa ajili ya wageni zilikosa mnunuzi, mwenye shamba anabembeleza watu wachukue. Kikundi kikachanga, tukanunua kwa magunia, tukagawana kwa mizani. Watoto wetu walikula mboga za kizungu kuliko mwaka wowote. Hebu tujiulize: mboga zilikuwepo siku zote, mashamba yaleyale, umbali uleule. Kwa nini tulisubiri mpaka mgeni asije?

Bei nafuu inapatikana wapi

Ndugu zangu, yafuatayo tumejifunza kwa miaka 10, na nayaandika ili vijana wasianze upya.

Kwanza, nunua mahali panapolimwa. Ndizi zifuate Mto wa Mbu, kitunguu Mang'ola, karoti na kabichi kwa wakulima wa hapahapa juu. Wawili wakitumwa na kikundi, nauli inagawanywa kwa wote.

Pili, nunua kwa msimu. Embe la mwisho wa mwaka na mwanzo wa mwaka sio bei moja na embe la mwezi wa Julai. Machungwa ya Muheza yakiingia kwa wingi katikati ya mwaka, huo ndio wakati wake. Anayetaka embe mwaka mzima analipia usafiri na uhaba.

Tatu, nenda mnadani jioni. Mchuuzi hataki kupakia nyanya kurudi nazo, na sado iliyokuwa ghali asubuhi inashuka. Matunda yaliyoiva sana au yenye umbo baya hayapendwi na hoteli, lakini kwenye blenda hakuna anayeona umbo. Yaliyooza tu ndiyo usichukue.

Nne, nunueni tenga kwa pamoja. Fungu dogo ndilo ghali kuliko yote, na maskini ndiye anayenunua fungu.

Tano, panda. Mpapai mmoja, pasheni kwenye uzio, mchicha karibu na maji ya kuoshea vyombo. Na pale ambapo tunda linaweza kuliwa zima, liliwe zima. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima ale angalau gramu 400 za matunda na mboga kwa siku, na juisi, hasa ya sukari nyingi, haichukui nafasi ya tunda lenyewe.

Mwisho

Kwa muda wa karibu miaka 100 ardhi yetu imelisha mashamba ya walowezi, mahoteli na masoko ya mbali. Sisemi tuache kuuza. Kuuza ndiko kunakojaza sanduku letu lenye kufuli tatu. Ila naomba tuingie miaka 10 mingine na neno moja, ambalo natarajia kulileta kwenye mkutano mkuu lijadiliwe: kila anayevuna, kikapu cha kwanza kiwe cha nyumbani, ndipo vinavyobaki vipande gari. Na siku tunaponunua kwa pamoja, tuwahesabu pia wenzetu wa juu ambao hawana pa kupanda, nao wanunue kwa bei yetu ya tenga.

Haba na haba hujaza kibaba.

Mwenyekiti wa Kikundi
Karatu