Dhahabu ya Mto na Ng'ombe wa Ziwa: Opera za Wagner Zilizopigwa Filamu, Zikitazamwa Kisumu

Katika tungo za muziki ambazo majumba ya opera ya ulimwengu huzirudia mwaka baada ya mwaka, hapana iliyo ndefu wala nzito kuliko Der Ring des Nibelungen, yaani zile opera nne zinazofuatana ambazo Richard Wagner alianza kuyaandika maneno yake mwaka 1848, akaukamilisha muziki wake mwaka 1874, na hatimaye, mwezi wa Agosti 1876, akazionyesha zote pamoja kwa mara ya kwanza katika jumba alilolijenga kwa minajili hiyo katika mji mdogo wa Bayreuth, Ujerumani. Atakaye kuzisikiliza zote sharti atenge saa 15 hivi, zilizogawanywa katika jioni nne, na ile ya kwanza peke yake, Das Rheingold, huenda saa mbili na nusu bila ya mapumziko. Kisumu haina jumba la opera, na Bayreuth ni safari ya wachache mno. Basi sisi wa mwambao wa ziwa tuijuao kazi hii tumeijua kwa njia ya filamu, tukiitazama nyumbani, kwanza kwa kanda za video na deki, kisha kwa diski za DVD, na sasa kwa intaneti. Muradi wa makala haya ni kuisimulia tarikhi ya filamu hizo na kuzipima moja kwa nyingine, maana nina yakini kwamba mtazamaji wa huku anacho kipimo chake mwenyewe, alichokirithi kwa wasimulizi wa ziwa hili, na kwamba kipimo hicho humwonyesha mambo ambayo wahakiki wa Ulaya huyapita.

Hadithi ya Wagner huanzia majini. Mbilikimo mmoja, Alberich, huiiba dhahabu iliyolindwa na mabinti wa mto Rhine, na kwa kuyaapiza mapenzi hupata uwezo wa kuifua dhahabu hiyo iwe pete ya kuitawala dunia. Wotan, mkuu wa miungu, huinyang'anya pete kwa hila ili awalipe majitu waliomjengea kasri. Nayo laana iliyowekwa juu yake huua kizazi baada ya kizazi, hata Brünnhilde, binti wa Wotan, airudishe mtoni kwa kujitosa motoni. Aliyelelewa Gwassi hahitaji kuelezwa zaidi. Anamjua Nyamgondho mwana wa Ombare, mvuvi fukara aliyemnasa mwanamke mzee ziwani, akamchukua nyumbani, akatajirika kwa ng'ombe wasiohesabika, hata siku aliporudi amelewa akamtukana yule aliyemneemesha, naye mwanamke akaondoka kurejea majini na ng'ombe wote wakamfuata. Na mahali penyewe, Nyandiwa, wenyeji huonyesha mwambani alama wanazosema ni za kwato. Mali iliyotoka majini na kurudi majini kwa sababu ya dhuluma ya mwenye kuipokea: huo ndio uti wa hikaya zote mbili.

La kustaajabisha zaidi ni mauti ya shujaa. Siegfried, mjukuu wa Wotan, hapenyezwi na silaha yoyote, kwa kuwa Brünnhilde mkewe ameukinga mwili wake kwa uganga, ila mgongo ameuacha, akijua kwamba mume wake hatampa adui kisogo kamwe. Na siku Brünnhilde anapojiona amesalitiwa, siri ile humtoka kinywani mbele ya Hagen, adui wa Siegfried, naye Hagen humchoma Siegfried mkuki mgongoni. Katika bonde la Kano, mashariki ya Kisumu, Lwanda Magere alikuwa na mwili wa jiwe, na mikuki ya maadui zake, ambao Waluo waliwaita Lang'o, ilimdunda ikaanguka. Wakampa binti yao awe mke, wazee wake wakamwonya asimpokee, akampokea. Na alipougua akamwambia yule mke achanje kivuli chake badala ya mwili, damu ikatoka kivulini, mke akakimbilia kwao na habari ile. Katika vita vilivyofuata mkuki ulitupwa kivulini, shujaa akaanguka, na jiwe wanaloliita lake lipo Kano hata leo, ambako yasimuliwa kwamba wawindaji walinoa mikuki yao ili wapate bahati. Sidai kwamba Kano ilikopa Ujerumani, wala kinyume chake. Nasema tu kwamba mtu aliyeijua hadithi ya Kano tangu utotoni, Hagen anapoanza kumwuliza Brünnhilde kwa upole kama hakuna mahali ambapo shujaa aweza kudhurika, hujua mara moja kinachokuja, na mwili humsisimka kabla hajayasoma maandishi ya tafsiri chini ya picha.

Kabla ya filamu kulikuwako santuri. Kati ya miaka 1958 na 1965, kampuni ya Decca, kwa usimamizi wa John Culshaw na uongozi wa Georg Solti mbele ya okestra ya Vienna, iliinasa kazi yote studioni, na ndipo watu wasiokaribia jumba la opera maishani mwao walipoweza kwa mara ya kwanza kuisikiliza nzima namna hiyo majumbani. Picha zilikawia. Zilikuja na sherehe za miaka 100 ya Bayreuth, mwaka 1976, pale kazi ilipokabidhiwa Wafaransa wawili, Pierre Boulez kuiongoza okestra na Patrice Chéreau kuongoza uigizaji, naye Chéreau alikuwa kijana wa miaka 31. Aliwatoa miungu katika mawingu na kuwavika nguo za matajiri wa enzi ya viwanda. Mto Rhine aliufunga kwa bwawa la kuzalisha umeme, na mabinti wa mto akawafanya malaya wa pale bwawani. Hadhira ya mwaka wa kwanza ilipiga mluzi na kuzomea. Hadhira ya mwaka wa mwisho, 1980, ilisimama ikapiga makofi kwa zaidi ya saa nzima. Katika miaka 1979 na 1980 Brian Large aliyapiga filamu maonyesho hayo humo humo jumbani, bila ya watazamaji, na mwaka 1982 runinga ya BBC ikaionyesha kazi nzima kipande kwa kipande, juma kwa juma, kama zilivyosimuliwa hikaya ndefu za kale, ambazo msikilizaji hulala nazo na kuamka nazo kabla ya kupewa sehemu inayofuata.

Nimeitazama filamu hii kuliko zote, na sababu yake ni nyuso. Katika kitendo cha pili cha Die Walküre, opera ya pili kati ya zile nne, Wotan humsimulia binti yake mambo yote yaliyotangulia, kwa muda wa dakika 20 hivi, karibu kwa kunong'ona, na wengi walioketi mbali jumbani hukiri kwamba hapo ndipo usingizi huwachukua. Chéreau alimsimamisha Donald McIntyre mbele ya kioo kirefu, huku timazi kubwa ikibembea chumbani. Wotan anajisemea mwenyewe katika kioo, anakiondoa kitambaa kilichofunika jicho lake bovu, na kamera ya Large haiondoki usoni pake. Mtazamaji wa sebuleni anaona mfalme anayegundua, neno kwa neno, kwamba mikataba aliyoichonga juu ya mkuki wake imemfunga yeye mwenyewe. Kisha, kitendo kile kinapokwisha na Siegmund ameuawa kwa amri ya huyo huyo Wotan aliye baba yake, baba humkimbilia na kumkumbatia mwanawe anayekata roho. Katika filamu nyingine nizijuazo sijapata kuona hapo kitu chenye uzito sawa na mikono ile.

Onyesho la Metropolitan la New York, lililoongozwa na Otto Schenk kwa mandhari ya Günther Schneider-Siemssen na okestra ya James Levine, lilichukua njia ya pili kabisa: miti ni miti, majabali ni majabali, joka ni joka, na miungu wana mikuki na ngao kama vitabu vya kale vilivyowachora. Runinga ya umma ya Marekani ililionyesha mwezi wa Juni 1990 kwa jioni nne mfululizo, na hapana shaka lilimfunza hadithi hii mtu asiyeijua kwa tafsili iliyo wazi kuliko Chéreau. Jessye Norman akiwa Sieglinde, Hildegard Behrens akiwa Brünnhilde na James Morris akiwa Wotan ni waimbaji wa kuheshimiwa popote. Hata hivyo msitu ule ulitengenezwa uonekane kutoka viti vya mbali vya ukumbi mkubwa. Kamera ikiuonyesha mzima, watu wanakuwa wadogo wasiosomeka, na ikiwasogelea watu, msitu unatoweka na kubaki giza. Namshauri anayeanza aanze hapa. Hatakaa hapa, lakini ataijua njia.

Harry Kupfer, aliyefuata Bayreuth kuanzia 1988 akiwa na Daniel Barenboim, alipigwa filamu mwaka 1991 na 1992. Jukwaa lake ni barabara tupu isiyo na mwisho, yenye miali ya leza na moshi, na waigizaji wanaikimbia huku na huko kwa nguvu zinazotisha. Wotan wa John Tomlinson ni mtu mwenye kiu ya kuishi, hata kosa lake humstahilia. Mwisho wake una jambo linalotuhusu sisi watazamaji wa nyumbani kwa namna ya pekee: dunia inapoteketea na mto kufurika, kundi la watu waliovaa vizuri wameketi mbele ya runinga, wakiutazama mwisho wenyewe viooni, na miongoni mwao mtoto wa kiume na wa kike wanashikana mikono wakitafuta njia kwa kurunzi. Chéreau katika mahali hapo hapo aliusimamisha umati wa watu wa kawaida ukageuka polepole kuwatazama walioko ukumbini. Wote wawili wanamwuliza mtazamaji lake ni lipi, lakini swali la Kupfer hulipata hasa lile kochi tulilolikalia, na kwa sababu hiyo nauhesabu mwisho wake kuwa ulio bora katika filamu zote.

Zilizofuata nazipitia kwa haraka. Stuttgart iliwapa waongozaji tofauti kila opera, na zilipopigwa filamu katika miaka 2002 na 2003 zikawa kazi nne badala ya moja. Huko Valencia, kati ya 2007 na 2009, kikundi cha La Fura dels Baus kiliwapandisha waimbaji juu ya kreni mbele ya viwambo vikubwa vya picha. Mjini New York, Robert Lepage alijenga kati ya 2010 na 2012 mtambo wa tani 45 wenye mbao 24 zinazogeuka kila upande, nao waliouona kwa macho husifu ukubwa wake. Katika runinga ya sebuleni ukubwa huo hupotea wote, na kinachobaki ni waimbaji wanaochunga wasiteleze. Ninayoitenga ni ile ya Copenhagen, ya Kasper Bech Holten, ya mwaka 2006, ambayo yote imefanywa kuwa kumbukumbu za Brünnhilde anayepekua nyaraka za ukoo wake ili ajue baba yake alifanya nini. Nayo imepigwa karibu, kwa nyuso, kama ya Chéreau, na kwa hilo imedumu.

Mambo ya vyombo nayo yalikuwa na hukumu yake. Kanda za Marekani zilifuata mfumo wa NTSC, ilhali deki na runinga za Kenya zilikuwa za PAL, basi kanda iliyoletwa na jamaa kutoka Marekani aghalabu ilitoa mistari na mtetemo. DVD zilipokuja, ulimwengu uligawanywa maeneo, Kenya ikaangukia eneo la 5 na diski za Ulaya zikiwa za eneo la 2, ijapokuwa wachapishaji wengi wa opera kwa bahati njema waliziacha diski zao wazi kwa maeneo yote. Nyaya za intaneti za baharini zilifika Mombasa mwaka 2009, na tangu hapo tatizo limebaki kuwa umeme, ambao hupenda kukatika jioni mvua za radi zinapovuka ghuba ya Winam. Anayetaka kuitazama Götterdämmerung, opera ya mwisho ya zile nne, na aitazame kitendo kimoja kwa jioni moja, kama BBC ilivyofanya. Saa zake nne na zaidi hazikukusudiwa kumezwa mara moja na mtu ambaye kesho yake ana kazi.

Na hapa ndipo kipimo cha ziwa kinapotoa hukumu yake. Hikaya za Waluo zilisimuliwa ndani ya siwindhe, nyumba ya bibi, ambako watoto walilala wakimsikiliza bibi huyo, aliyeitwa pim, na matendo ya wakubwa yaliimbwa na jathum aliyeketi na nyatiti yake ya nyuzi nane, kidole gumba cha mguu kimevikwa pete ya chuma ya kugongea chombo, njuga zikilia kifundoni, na waliomzunguka wakiuona kila msuli wa uso wake. Utungo mkubwa ulikuwa jambo la chumba kidogo na la karibu. Ndiyo maana Chéreau anatufikia na mtambo wa tani 45 hautufikii.

Okoiti Omtatah alimwandikia Lwanda Magere tamthilia, iliyochapwa mwaka 1991. Opera ya Ondieki the Fisherman, ambayo mwimbaji Rhoda Ondeng' Wilhelmsen ameihangaikia kwa bidii, imethibitisha kwamba mvuvi wa ziwa aweza kuimbwa kwa kaida ya opera. Na India, kati ya 1988 na 1990, ilimpa B. R. Chopra vipindi 94 vya kuisimulia Mahabharata katika runinga, taifa zima likikaa nyumbani kuitazama. Sisi hatujakosa hadithi, wala waimbaji, wala kamera. Lau ingekuwa shauri langu, kazi ingeanza na Nyamgondho, kwa kuwa ni fupi na ina daraja ile ile ya kufungulia aliyoipa Wagner dhahabu ya Rhine; ingepigwa Nyandiwa kwenyewe, kwa Dholuo, na tafsiri ya Kiswahili chini ya picha; Simbi Nyaima, kijiji kilichozama karibu na Kendu Bay kwa kumnyima kikongwe chakula, kingefuata; na Lwanda Magere angepewa jioni mbili, moja ya arusi na moja ya kivuli. Nyatiti moja ingetosha mahali pa okestra, mpigaji wake akionekana tangu mwanzo hadi mwisho, na kamera ikiwekwa palepale ambapo msikilizaji wa zamani alikaa, umbali wa mkono mmoja kutoka kwenye nyuzi.